Reli ya umeme Morogoro: ufundi wa Mturuki, fedha za nani?

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara anayefuatilia habari za dunia hawezi siku hizi kulikwepa jina la Uturuki. Januari 2024 nchi hiyo ilimpeleka mwanaanga wake wa kwanza, Alper Gezeravcı, kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Februari 21 mwaka huo huo ndege yake ya kivita iitwayo KAAN iliruka kwa mara ya kwanza. Mwezi Julai setelaiti ya mawasiliano Türksat 6A, ya kwanza ya aina hiyo kutengenezwa na Waturuki wenyewe, ilirushwa kutoka Marekani. Na katikati ya hayo, tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ikipita juu ya njia iliyojengwa na Waturuki ilianza kuchukua abiria wa kulipa nauli kati ya Dar es Salaam na Morogoro.

Swali linaloulizwa mitaani, kuanzia Msamvu hadi Soko Kuu, ni moja: katika maendeleo hayo yote, kuna kitu gani kwa mtu mwenye mtaji mdogo? Jibu letu ni kwamba kipo, ila si pale ambapo wengi wanakitafuta. Somo la leo ni namna ya kuusoma mradi wa teknolojia ya kigeni kama unavyolisoma daftari la duka, mstari kwa mstari, na kila mstari na mwenyewe.

Mradi mmoja, bendera nyingi

Mkataba wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulitiwa saini Februari 2017. Mkandarasi ni kampuni ya Yapı Merkezi ya Istanbul, ikishirikiana na Mota-Engil ya Ureno, na thamani yake ni Dola za Marekani bilioni 1.215. Septemba mwaka huo huo Yapı Merkezi ikapata kipande cha pili, Morogoro hadi Makutupora, kwa Dola bilioni 1.92.

Kabla hatujaenda mbele, tazama tarakimu hizo kwa makini. Kipande cha kwanza kina njia kuu ya kilomita 205. Ukijumlisha njia za kupishania na zile za ndani ya stesheni, jumla inafika kilomita 300. Ukigawa gharama kwa 205 unapata karibu Dola milioni 5.9 kwa kilomita. Ukigawa kwa 300 unapata Dola milioni 4.05. Hesabu zote mbili ni sahihi. Anayetaka kuulaumu mradi atakutajia ya kwanza, anayetaka kuusifu atakutajia ya pili, na mwekezaji anapaswa kuuliza kwanza kilichogawanywa kwa nini.

Sasa tufungue daftari. Kupima ardhi, kujenga tuta na madaraja, kutoboa mahandaki 4 ya kipande cha pili, kutandika mataruma, kuvuta nyaya na kufunga mfumo wa ishara: hiyo ni kazi ya Mturuki. Lakini vyuma vya reli vilivyoshushwa bandarini mwanzoni mwa 2018 vilitoka Japani. Vichwa vya treni vya umeme, pamoja na zile treni ambazo watu wamezipa jina la mchongoko, vimeundwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mkopo wa Dola bilioni 1.46 uliotangazwa Februari 2020 ulipangwa na benki ya Standard Chartered, na ukakingwa na taasisi za dhamana za Sweden na Denmark. Taasisi za namna hiyo hazitoi dhamana kwa ukarimu. Kazi yake ni kuhakikisha viwanda vya nchi zao vinauza nje, na kwa hiyo mahali unapoiona dhamana, ujue na bidhaa ya nchi hiyo haiko mbali.

Kwa maneno mengine, kinachoitwa kwa mkato "reli ya Waturuki" ni biashara ya mataifa yasiyopungua saba, na Mturuki ameshika mstari mmoja tu, ingawa ni mnene. Mkandarasi hulipwa mara moja. Anayeuza vipuri, anayeuza umeme na anayekusanya riba hulipwa kwa miaka mingi baada ya mkandarasi kukunja turubai zake.

Aliyekuwa akijengewa sasa anajenga

Hapa kuna jambo la historia ambalo halisemwi sana. Reli ya kwanza ya Morogoro, ile ya upana wa mita moja, ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Morogoro 1907. Mjenzi alikuwa kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, na fedha zilipitia Deutsche Bank. Miaka hiyo hiyo, kampuni hiyo hiyo na benki hiyo hiyo walikuwa wakijenga reli za dola ya Kituruki, kutoka Istanbul kuelekea Anatolia na Baghdad. Morogoro na Uturuki zilikuwa wateja wa duka moja. Leo mteja mmoja amekuja kumjengea mwenzake.

Ilikuwaje? Yapı Merkezi ilianzishwa 1965. Ilianza na kazi za kwao, ikaenda Ghuba kushiriki ujenzi wa metro ya Dubai, ikajenga tramu ya Casablanca, ikaingia Dakar, ikashiriki kuchimba handaki la magari chini ya bahari mjini Istanbul lililofunguliwa 2016. Katika orodha za makandarasi wakubwa 250 wa kimataifa, kampuni za Kituruki huwa karibu 40, nyuma ya China peke yake. Elimu hiyo haikununuliwa kwa mkupuo. Iliokotwa tenda kwa tenda, mara nyingi chini ya kampuni kubwa zaidi kutoka nchi nyingine.

Upande wa silaha njia ilikuwa chungu zaidi. Baada ya vita vya Kupro vya 1974, Marekani iliinyima Uturuki silaha kuanzia 1975 hadi 1978. Katika mwaka huo wa 1975 ikaanzishwa Aselsan, kampuni ya vifaa vya elektroniki vya jeshi. Mauzo ya nje ya bidhaa za ulinzi za Kituruki yalifika Dola bilioni 5.5 mwaka 2023 na kupita bilioni 7 mwaka 2024. Afrika Mashariki imo kwenye orodha ya wateja: Kenya iliagiza magari ya deraya 118 aina ya Hızır kutoka kampuni ya Katmerciler.

Hata hivyo, usidanganywe na bendera iliyochorwa kwenye bawa. Ndege maarufu isiyo na rubani ya Bayraktar TB2 ilitumia injini ya Austria na kamera ya Kanada. Oktoba 2020, wakati wa vita vya Karabakh, Kanada ilizuia kamera hizo zisiuzwe. Waturuki ikabidi wafunge kamera ya Aselsan. Bei ya chombo chochote imeshikwa na yule mwenye kipande ambacho hakina mbadala. Ni kanuni ya ndege, na ni kanuni ya pampu ya maji, na mwenye mashine ya kukoboa pale Mkuyuni anaijua vizuri siku beringi inapovunjika.

Hata katika nishati Mturuki naye ni mnunuzi. Kituo chake cha kwanza cha nyuklia, Akkuyu, chenye mitambo 4 ya jumla ya megawati 4,800, kinajengwa na Rosatom ya Urusi kwa fedha na umiliki wa Warusi. Uturuki iliahidi kununua sehemu kubwa ya umeme wake kwa miaka 15 kwa senti 12.35 za Dola kwa uniti. Jengo liko Uturuki, hundi inakwenda Moscow.

Umeme wa juu ya reli

Turudi nyumbani. Nyaya za reli yetu zina msongo wa volti 25,000. Treni ya abiria inaruhusiwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na ya mizigo 120. TANESCO ilijenga njia maalumu ya kilovoti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kwa ajili ya kulisha kipande hicho. Nyuma ya nyaya hizo kuna gridi ya taifa, na tangu Februari 2024 gridi hiyo imekuwa ikipokea umeme wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115. Bwawa hilo lilijengwa na Wamisri, Arab Contractors na Elsewedy Electric.

Angalia maana yake kibiashara. Treni ya dizeli ni mteja wa mafuta yanayoagizwa kwa Dola. Treni ya umeme ni mteja wa TANESCO, na bili yake ni ya shilingi. Huu, kwa maoni yetu, ndio mstari mzuri kuliko yote katika daftari la mradi huu, ingawa magazeti mengi yaliandika zaidi kuhusu viti na viyoyozi. Deni la ujenzi ni la Dola, gharama ya kila siku kwa sehemu kubwa ni ya shilingi. Shilingi ikiyumba, deni linauma lakini treni inaendelea kutembea.

Si kwamba hakuna matatizo. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ilisimama kwa hitilafu ya umeme na Shirika la Reli likatoa taarifa kwamba ngedere na bundi walihusika. Watu walicheka sana. Lakini mhandisi yeyote wa njia za umeme atakuambia wanyama na ndege ni gharama halisi, na vikinga vyake vinanunuliwa kwa fedha. Vivyo hivyo wizi wa nyaya, ambao ulikwishafikisha watu mahakamani.

Kuuza kwa mkandarasi

Mlango wa kwanza wa mwenye mtaji mdogo huwa ni tenda za kambini: mchele, maharage, nyama, kokoto, mchanga, ulinzi, magari ya kukodi. Ni mlango mpana na una kizingiti ambacho wengi hujikwaa.

Tuchukue mfano. Unachukua mkopo wa shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Unanunua maharage na mchele, unapeleka kambini, unauza kwa 11,200,000. Faida kwenye karatasi ni 1,200,000. Ukilipwa baada ya siku 30, riba imekula 350,000, unabaki na 850,000. Ukilipwa baada ya siku 120, riba imekula 1,400,000. Umepata hasara ya 200,000 kwa biashara ambayo kwenye LPO ilionekana nono, na mtaji wako umelala miezi minne bila kuzunguka hata mara moja. Mwenzako aliyeuza mchele ule ule rejareja pale Mawenzi kwa faida ya asilimia 5, akazungusha mtaji mara nane katika muda huo, amekupita mbali.

Kwa hiyo unapopewa oda, swali la kwanza si bei. Uliza nani atakulipa. Je, ni mkandarasi mkuu mwenyewe, au ni mkandarasi mdogo ambaye naye anasubiri kulipwa na mkuu, ambaye anasubiri Serikali, ambayo inasubiri mkopo utolewe? Kila ngazi inaongeza siku. Pata oda kwa maandishi yenye tarehe ya malipo, toa risiti ya EFD kwa wakati, na kama unachouza ni huduma usisahau kwamba asilimia 5 ya kodi ya zuio itakatwa kabla fedha hazijakufikia. Ongeza gharama ya kusubiri ndani ya bei yako tangu mwanzo. Mkandarasi akikataa bei hiyo, amekupa habari muhimu bure.

Na mlango huu hufungwa. Kambi inapohama, mama lishe na mwenye Fuso hubaki na vifaa walivyonunua kwa ajili ya mteja mmoja.

Ndizi za Kinole na tenga la nyanya

Mlango wa pili ni ule wa njia yenyewe baada ya ujenzi. Nauli ya daraja la kawaida Dar es Salaam hadi Morogoro ilipangwa na LATRA kuwa shilingi 13,000, na safari ni kama saa mbili au chini yake. Wenye mabasi waliliona hilo mapema, maana abiria wa njia ya Moro walianza kuwapungukia. Mwenye kibanda cha Msamvu ambaye mteja wake alikuwa abiria anayeshuka kunyoosha miguu ana sababu ya kukaa na kalamu na kuhesabu upya. Stesheni mpya haiko mjini kati kama ile ya zamani, na kwa hiyo bajaji na bodaboda wamepata kituo kingine cha kusubiria.

Lakini wapo waliodhani kwamba treni itashusha mazao ya Uluguru hadi Dar. Hapa tunashauri upole. Fikiria tenga la nyanya au kiroba cha karoti kutoka Nyandira, juu kule Mgeta. Linabebwa kichwani au kwa pikipiki hadi barabarani, linapakiwa kwenye gari, linateremka mlima hadi lami, na gari hilo hilo linakwenda moja kwa moja hadi Ilala kabla jua halijachomoza. Ukiingiza treni ya mizigo katikati, unaongeza kushusha na kupakia mara mbili, na nyanya haivumilii kupangwa upya. Treni ya mizigo inapenda mzigo mwingi wa aina moja unaojaza mabehewa: kontena, saruji, mbolea, nafaka. Huduma hiyo ilianza mwaka 2025 na huko ndiko itakakotafuta fedha. Ndizi za Kinole zitaendelea kwenda Mabibo kwa Fuso kwa muda mrefu.

Faida ya mkulima na mchuuzi iko kwenye kitu kingine, nacho ni mtu. Mnunuzi wa viungo kutoka Kariakoo anaweza sasa kupanda treni asubuhi, akafika Matombo kwa gari, akakagua karafuu, mdalasini na pilipili manga kwa macho yake, na kurudi kwake usiku huo huo. Zamani alimtuma dalali. Kila mahali ambapo mnunuzi anaweza kufika mwenyewe, pato la dalali hupungua, na kinachopungua kwa dalali hugawanywa kati ya wawili waliobaki. Wakulima waliokaa katika kikundi wenye mzani wao na mahali pakavu pa kuhifadhia mazao watapata sehemu kubwa ya mgawo huo. Anayeuza kwa kukadiria kwa debe hatapata.

Hisa, lira na hatifungani

Tumefika kwa wale wanaotaka karatasi. Je, unaweza kununua hisa katika maendeleo ya Uturuki? Yapı Merkezi ni kampuni binafsi. Baykar, watengenezaji wa TB2, ni mali ya familia. Aselsan imo katika soko la hisa la Istanbul, lakini karibu robo tatu ya hisa zake ziko mikononi mwa mfuko wa majeshi ya Uturuki, na Katmerciler nayo imo sokoni humo. Kwetu, Shirika la Mzinga lenye kiwanda hapa Morogoro ni la Serikali na haliuzi hisa. Shirika la Reli vivyo hivyo.

Tuseme dalali wako wa hisa amekupatia njia halali ya kufika Istanbul, baada ya kuhakikisha masharti ya Benki Kuu kuhusu fedha za kigeni. Bado kuna lira. Mwanzoni mwa 2017, wakati mkataba wa reli yetu unatiwa saini, Dola moja ilikuwa karibu lira 3.7. Treni ilipoanza, Juni 2024, ilikuwa zaidi ya lira 32. Aliyebadili Dola 1,000 kuwa lira na kuziweka ndani alibaki na thamani ya Dola 115 hivi. Aliyebadili Dola hizo kuwa shilingi, wakati Dola ikiwa karibu shilingi 2,230, na kuziweka hadi ilipofika 2,600, alibaki na zaidi ya Dola 850. Nchi iliyorusha setelaiti ilikuwa na mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 85 Oktoba 2022. Kwa hiyo ukisoma kwamba hisa fulani ya Istanbul imepanda mara tano, shika kalamu uigawe kwanza kwa lira ilivyoshuka.

Wengine hudhani kwamba lira ikishuka bidhaa za Kituruki zitakuwa rahisi Kariakoo. Mara nyingi hazishuki kiasi hicho, kwa sababu kiwanda cha Bursa au Gaziantep kinapanga bei ya kuuza nje kwa Dola au Euro, na mshahara na umeme wake vimepanda pamoja na mfumuko.

Karatasi iliyo karibu zaidi na somo letu iko hapa hapa nyumbani. Novemba 2024 Benki ya CRDB ilifungua hatifungani ya miundombinu iliyopewa jina la Samia, kwa ajili ya makandarasi wa barabara za TARURA. Riba yake ni asilimia 12 kwa mwaka, muda miaka 5, na kiwango cha chini cha kununua kilikuwa shilingi 500,000. Ilitafuta shilingi bilioni 150 na ikapata bilioni 323. Kinachouzwa katika hatifungani hiyo ni ule ule muda wa kusubiri uliomla mwenye mchele wetu hapo juu: mkandarasi apate fedha mapema, na mwenye akiba alipwe kwa kungoja. Aliyeikosa wakati wa kutolewa anaweza kumuuliza dalali kama kuna anayeuza zake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, akiangalia bei na riba iliyobaki hadi mwisho wa muda.

Kwa wale ambao bado wanataka kuuzia kambi: Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na Yapı Merkezi wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa Euro bilioni 2.7, muda wa miezi 48. Wenye magari, wapishi na mafundi waliokwishajifunza taratibu za kambi za Kituruki Ngerengere na Kilosa wana ujuzi unaouzika huko. Waulize masharti ya malipo kabla ya kupakia gari.